Misalaba kwenye Mlango wa Ghala

Kitu cha kwanza alichokijua Zornitsa ni utamu. Utamu wa asali uliochanganyika na udongo, na kidole kigumu kilichokuwa kikimsugua ufizi kama kinachosugua sufuria iliyoungua. Kisha baridi ya ardhi mgongoni. Kisha sauti ya Velika, mama mkwe wake, ikipanda na kushuka juu ya kichwa chake.

"Mara ya tano! Mama wa Mungu, mara ya tano tangu Julai! Meza, mkwe wangu, meza, usiniteme!"

Akameza. Akafumbua macho. Majani ya mti wa jozi, aliyokuwa akiyakusanya, yalikuwa yamemshika nywele na sweta, na reki ilikuwa imelala pembeni kama nayo imezimia. Kumbukumbu ilimrudia kipande kipande: alikata kuni, akashika reki, Neda, binti yake, alikuwa nyuma yake akijaza majani kwenye ndoo ndogo, halafu miguu ikawa ya pamba.

"Neda yuko wapi?"

Velika akanyamaza.

Mwanamke yule hakuwa mtu wa kunyamaza. Hata kanisani alikuwa akimsahihisha padri kwa mnong'ono. Kunyamaza kwake ndiko kulikomfanya Zornitsa ajiinue kwa viwiko na kutazama lango. Lango lilikuwa wazi. Ndoo ndogo ilikuwa imesimama pale pale langoni, nje ya uzio, na hapakuwa na mtu kando yake.

Hakuweza kusimama. Alitambaa. Alitambaa juu ya majani huku Velika akimpita mbio, kiatu kimoja kimemtoka, akiita jina la mtoto kwa sauti ambayo Zornitsa hakuwahi kuisikia kinywani mwa binadamu. Hawakufika mbali. Stancho, jirani yao mwenye trekta, alikuwa akija kwa miguu, kambeba Neda mbele ya kifua kama mtu aliyebeba mtungi ambao hajui ni wa nani. Trekta alikuwa ameiacha inaunguruma barabarani.

"Huyu ni wa kwenu?" aliuliza, ingawa alimjua tangu anazaliwa. "Nimemkuta pale konani, katikati ya lami, kakaa anachambua kokoto kama yuko jikoni kwake. Nimekanyaga breki mpaka meno yakagongana. Mshukuruni Mungu leo sijaonja kitu."

"Leo tu?" Velika alijibu kwa mazoea, lakini alipompokea mjukuu wake alikaa chini, pale pale penye tope.

Neda, miaka miwili na nusu, alifungua kiganja kumwonyesha mama yake kokoto jeupe. Zornitsa alilitazama kokoto lile mpaka machozi yakamziba macho.

*

Sukari ilimkamata Zornitsa akiwa na miaka kumi na mmoja, na sasa alikuwa na ishirini na sita. Alijua kujidunga insulini gizani. Alijua kuukisia wali na mkate kwa jicho kama muuzaji sokoni. Miaka yote alipokuwa kwa mama yake mjini, akishona mashati karakanani, kazi ya kukaa kutwa nzima, hakuwahi kuzimia hata mara moja. Ni baada ya kujifungua na kuhamia kijijini kwa Velika, chini ya milima ya Balkani, ndipo mwili wake ulipoanza kumgeuka, kiangazi hiki. Wiki moja sukari inapanda kama maziwa jikoni, hata akila jani. Anaongeza dozi kama alivyofundishwa. Halafu siku moja, bila taarifa, ardhi inaondoka.

Daktari Manchev, bingwa wa sukari kule mjini, alikuwa amelipekua daftari lake mwezi wa tisa bila kuvua miwani. "Namba hazisemi uongo, bibi. Ikipanda wiki nzima, umekula. Ikianguka, umeogopa ukajidunga kupita kiasi. Ziache keki." Velika alikuwepo siku hiyo, na alirudi kijijini na maneno yale kama mtu aliyerudi na cheti.

Kweli njaa ilikuwepo. Wiki ile ya kupanda, Zornitsa alikuwa na njaa ya mtu anayelima. Angeweza kumaliza jibini na mkate akiwa amesimama penye sinki. Lakini alikula akaandika, kila tonge. Keki hakula. Nani angemwamini? Hata yeye alikuwa ameanza kujiuliza kama huamka usingizini akaiba.

Jioni ile Velika alimpigia simu mwanawe. Krasen, mume wa Zornitsa, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na siku hiyo alikuwa ameegesha Austria. Velika alimsimulia yote, na alipofika penye kokoto sauti ikakatika, akampa Zornitsa simu.

"Zori," alisema Krasen, na nyuma yake magari yalikuwa yakipita vuu, vuu. "Sikulaumu. Unanisikia? Sikulaumu."

"Nakusikia."

"Nakuja Jumamosi. Nimeongea na Siyka. Anasema Neda akae kwake Pleven mpaka... mpaka utakapojirekebisha. Ana chumba. Hana ngazi."

"Nijirekebishe nini, Krasen?"

Magari yakapita. "Mimi sijui," alisema. "Ni mtoto, Zori. Ingekuwa trekta nyingine..."

Hakumalizia, wala hakukuwa na haja. Zornitsa alibaki kashika simu iliyokwisha kukatika. Siyka, wifi yake, hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililouma zaidi. Angekuwa mbaya angeweza kumchukia. Lakini Siyka alikuwa mpole, hakujaaliwa mtoto, na nyumba yake ilikuwa safi, na Neda angempenda. Mpaka utakapojirekebisha. Utarekebishaje kosa ambalo hulijui?

*

Asubuhi, Alhamisi, begi jekundu la Neda lilikuwa limeshatolewa juu ya kabati. Velika hakulifunga; aliliweka tu kitini, likamtazama kila mtu aliyepita.

"Njoo na daftari lako," alisema, akielekea ghala la chini na jagi mkononi. "Unaandika kwenye karatasi tarehe zote ulizoanguka. Krasen azione kwa macho yake. Na ukomee ngazi ya tatu!"

Hakuhitaji kuambiwa. Ngazi ya tatu ilikuwa mpaka. Chini yake lilikaa pipa la kabichi, vichwa arobaini vilivyolowekwa katika maji ya chumvi, chakula chao mpaka Pasaka. Kila siku mbili Velika alikinga maji yale kwenye bomba la chini ya pipa na kuyamimina tena juu, ili yasilale. Na katika nyumba ya Velika, kama ilivyokuwa katika nyumba ya mama yake na bibi yake, mwanamke aliye mwezini hakulisogelea pipa. Akiligusa, maji yanakuwa ute, kabichi inalegea, na nyumba inanuka mpaka majirani wajue. Hivyo hivyo kwa pilipili za chupa, matango na chachu ya mkate.

Kwa hiyo Velika aliweka kumbukumbu. Ndani ya mlango wa ghala aliitundika kalenda ya duka la mbegu, na kila mwezi, siku ya kwanza ya Zornitsa, aliuliza bila haya, "Umeingia?" akachora msalaba kwa penseli ya buluu, na mwingine kila siku mpaka zikwishe. Mwanzoni Zornitsa alitamani ardhi immeze. Krasen mwenyewe hakujua siku zake, lakini matango yalizijua! Na kwa kuwa hakutakiwa jikoni penye chupa, siku za msalaba alipewa kazi ambazo hazina cha kuharibika. "Toka nje, upate hewa," Velika angesema, akimkabidhi shoka au reki. "Kuni hazivundi."

Leo hakumkabidhi kitu. Zornitsa alikaa ngazi ya tatu, karatasi juu ya goti, akaandika. Julai kumi na mbili. Agosti nane. Septemba sita. Ya Oktoba ilikuwa imepakwa asali. Siku ile kidole cha Velika kilitoka mdomoni mwake kikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa. Tatu au nne? Alikumbuka tu kwamba ilikuwa siku aliyomwaga kapu la viazi vitamu... hapana, si viazi, maboga, na Velika akamfukuza kwa sababu...

Kwa sababu alikuwa na msalaba.

Akainua macho kwenye kalenda, karibu na bega lake, akaifunua nyuma mpaka Oktoba. Msalaba wa kwanza ulikuwa tarehe tatu. Vizuri, ni tarehe tatu. Akaandika. Alikuwa ameshaushusha mkono pale macho yalipokataa kuondoka.

Akafunua Septemba. Msalaba wa kwanza, tano. Alianguka sita.

Agosti. Msalaba wa kwanza, nane. Alianguka nane.

Hakutaka kufunua Julai. Alifunua. Msalaba wa kwanza, kumi na moja. Alianguka kumi na mbili. Na Novemba, msalaba wa kwanza ulikuwa juzi? La, ni jana. Jana, siku ya kokoto.

"Mama," aliita.

"Andika kwanza."

"Mama, njoo uone."

"Nimeshika jagi, sina mikono kumi."

Zornitsa alisimama, akaing'oa kalenda na msumari wake, akashuka. Ngazi ya nne. Ya tano. Sakafu.

"Pipa!" Velika alipiga ukelele kama aliyeona nyoka. "Umerogwa? Una msalaba! Rudi! Rudi juu!"

Lakini sakafu ilikuwa imelowa maji ya jagi, na Zornitsa alipoyumba, si kwa sukari safari hii, mkono wake ulitafuta cha kushika, ukashika ukingo wa pipa, ukateleza. Akazama ndani ya maji ya chumvi mpaka kiwiko.

Walitazamana. Mkono ulikuwa bado ndani.

"Vichwa arobaini," Velika alinong'ona.

"Nisomee tarehe," alisema Zornitsa. Akautoa mkono, ukichuruzika, akamtia karatasi kiganjani. "Nisomee nilizoanguka. Mimi nitasoma misalaba yako. Yako, mama, uliyoichora kwa mkono wako."

Pengine ni ile sauti iliyomshawishi. Velika akaweka jagi chini, akatoa miwani mfukoni mwa aproni, akasoma. Julai kumi na mbili. Agosti nane. Alisoma kwa ukali, kama anayesoma mashtaka, na kila tarehe Zornitsa aliweka kidole chenye maji juu ya msalaba. Kufikia ya tatu ukali ulikuwa umekwisha. Kufikia ya nne Velika alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa liko kwenye kioo.

"Tazama Oktoba mwishoni," alisema haraka. "Hapa nimechora tarehe thelathini, na hukuanguka. Unaona? Hukuanguka!"

"Siku hiyo ilinyesha kutwa. Hukunituma nje. Akina Ginka wa jirani walikuja na pai ya maboga, nikakaa nao mezani nikala vipande viwili."

Macho ya Velika yalihama kwenye kalenda, yakaenda ukutani, pale shoka lilipokuwa limeegemezwa pamoja na reki, vipini vyake vimeng'aa kwa mikono ya Zornitsa.

"Na kabla ya msalaba?" aliuliza polepole. "Ile wiki ya kupanda, ile ya... keki?"

Zornitsa alifunua daftari. Namba za juu zilikuwa zimejipanga siku sita, saba, kabla ya kila msalaba, kama wageni wanaojua njia.

"Malengelenge," alisema Velika.

"Nini?"

"Mdomoni mwako. Ukitoa malengelenge mdomoni na kuanza mafua, mimi najua bado siku nne, tano. Nafunika chupa mapema." Alishika ukingo wa pipa, yeye sasa. "Sikuhitaji hata kukuuliza. Nilikuwa nauliza kwa heshima tu. Mwaka mzima nimekuwa nakusoma mdomo kwa ajili ya matango, mkwe wangu. Kwa ajili ya matango!"

Akakaa juu ya kreti la viazi, akaangua kilio.

*

Ijumaa walipanda basi la asubuhi la kwenda mjini wote watatu, Neda katikati, kalenda imeviringishwa ndani ya gazeti. Hawakuwa na miadi. Velika alimwambia karani kwamba atakaa pale mpaka Krismasi, na akaanza kufungua sandwichi, wakaitwa.

Daktari Manchev aliweka daftari na kalenda sambamba. Alifunua mwezi mmoja, akafunua wa pili. Safari hii alivua miwani.

"Nani kachora hii?"

"Mimi," Velika alisema, kidevu juu. "Kwa ajili ya kabichi."

Hakucheka. Uso wake, uliozoea kuambia watu mambo, ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa. "Miaka thelathini naandikia wanawake insulini," alisema mwishowe. "Nawauliza mkate, nawauliza mazoezi. Hili nimelisoma zamani, nikalijibu kwenye mtihani, na sijawahi kumuuliza hata mmoja."

Kisha akaeleza, akimtazama Zornitsa, si daftari. Yai likishatoka, alisema, mwili wa mwanamke hukaa kama nyumba inayongoja mgeni. Homoni hupanda. Walinzi wa mwili hulegeza mikuki kidogo, wasije wakamfukuza mgeni mwenyewe. Ndipo malengelenge yaliyolala yanapopata upenyo, na mafua nayo. Mwili huchoma chakula zaidi kidogo, njaa inakuja. Na homoni hizo hizo huifanya insulini kuwa butu, sukari inapanda. "Wengine hawaoni tofauti yoyote. Wengine, kama wewe, wanaiona sana. Halafu mgeni asipofika, homoni zinaporomoka kwa siku moja au mbili, na insulini inarudi kuwa kali kama kisu kilichotoka kunolewa. Wewe bado unajidunga dozi ya wiki ya kisu butu."

"Na mtu akifanya kazi ngumu siku hiyo?" aliuliza Velika. "Tuseme... kuni?"

"Kazi huila sukari. Siku hiyo? Ni kumsukuma aliye ukingoni."

Velika aliitikia kwa kichwa mara nyingi, taratibu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nampa shoka, daktari. Namwambia apate hewa."

Zornitsa alitaka kukasirika. Alikuwa na haki, na hasira ilikuwepo: miezi mitano ya keki asizokula! Lakini mkono wa kizee ulikuwa umemshika sketi, kwa siri, chini ya meza, kama mtoto anavyoshika asipotee sokoni. Akauacha uendelee kushika.

Daktari alimwandikia dozi mpya, mbili, moja ya wiki ya kungoja na moja ya kuanzia msalaba wa kwanza, na namba ya simu ya kupiga kila siku mpaka zikae sawa. Mlangoni akamsimamisha. "Nilikwambia uache keki," alisema. "Nisamehe." Zornitsa alimwambia ahsante, kisha akajilaumu njia nzima.

*

Jumamosi Siyka alifika kwanza, na kwenye gari lake kulikuwa na kiti kipya cha mtoto, bado kina karatasi ya dukani. Krasen alifuata nusu saa baadaye, ana ndevu za siku tano, akambeba Neda bila kusema kitu na kumnusa kichwani. Kisha akaliona begi jekundu. Lilikuwa tupu, limerudi juu ya kabati.

"Mama?"

"Mtoto haendi popote," alisema Velika. "Kaeni. Kuleni. Halafu nitawaambia nilivyokuwa mjinga, na sitarudia mara mbili, kwa hiyo msitafune kwa kelele."

Akawaambia. Akaiweka kalenda mezani, katikati ya supu na mkate, misalaba yake yote hadharani. Krasen alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa hajawahi kuona mambo hayo yamelala kando ya kijiko. Lakini alisoma. Aliweka kidole penye Agosti nane, akakiacha hapo.

"Mimi siku hiyo nilikufokea kwenye simu," alimwambia mkewe.

"Ulinifokea."

"Nikakuuliza umeficha wapi biskuti."

"Uliniuliza."

Krasen alimshika mkono, ule ule uliozama pipani, na hakuuachia hata supu ilipopoa. Siyka naye alikuwa akitazama dirishani, kwenye gari lake. Zornitsa aliliona hilo, na moyo ukamuuma kwa namna ambayo hakuitarajia.

"Wifi," alisema, "kile kiti usikirudishe dukani. Kuanzia mwezi ujao, siku mbili za kwanza za msalaba, njoo ukae nasi. Neda anahitaji mtu wa kuchambua naye kokoto." Siyka akageuka, akaitika kwa kichwa.

Ndipo Velika alipokumbuka pipa. Alishuka ghalani peke yake, na walimsikia akifungua bomba. Zornitsa alifumba macho. Vichwa arobaini.

Velika alipanda na jagi, akamimina glasi, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Maji yalikuwa maangavu kama ya chemchemi, yenye harufu kali ya kabichi changa. Akaonja. Akaonja tena. Akamtazama mkwe wake kwa mshangao mkubwa kuliko wa siku zote tatu.

"Yametulia," alisema. "Ni mazuri kuliko ya mwaka jana." Akainama, akashusha sauti. "Ginka asijue."

Mchana ule Krasen alikata kuni yeye. Zornitsa alikaa ghalani, chini kabisa ya ngazi ya tatu, Neda mapajani, kipande cha mkate wa asali mkononi, kwa maana ilikuwa bado siku ya msalaba na hivyo ndivyo Velika alivyoamuru kuanzia sasa: kwenye msalaba, mtu akae karibu na chakula. Krasen alishuka na jasho lake, akasimama mbele ya kalenda iliyorudishwa kwenye msumari, akatoa simu na kuanza kunakili tarehe.

"Na mwezi ujao?" aliuliza. "Nitajuaje nikiwa njiani?"

"Piga simu ya picha," alisema Velika, akimimina maji juu ya kabichi, "umtazame mdomo."